Kosa limeanzia wapi?

Mwalimu bora kuliko wote walionifundisha alikuwa ameishia darasa la saba. Alikuwa mmoja wa vijana waliochukuliwa vijijini baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilipoamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi ya kuanza shule. Walimu wa kutosha hawakuwepo. Wakatafutwa waliomaliza la saba, wakawa wanafundisha huku wenyewe wakifundishwa, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa wakufunzi waliowapitia. Watu wakazichukua herufi za mpango huo, UPE, wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Nilipoanza la kwanza mwaka 1999, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Korogwe, utani huo ulikuwa bado unasemwa, na waliousema kwa sauti kubwa zaidi walikuwa walimu wenzake wa daraja la A, waliopitia kidato cha nne na chuo cha ualimu. Sisi tuliokuwa tunapeleka maji ofisini tuliusikia, tukacheka bila kujua tunacheka nini.

Alitufundisha Hisabati darasa la tatu. Mama wa makamo, sauti ya chini, hana vichekesho, hana nyimbo. Kwa kweli hatukumpenda sana, tulimwona anachosha. Jina tulilompa ni Limeanzia Wapi, kwa sababu ndilo lililokuwa swali lake. Ukikosa hesabu hakukuchapa wala hakukuambia tu "rudia". Alikuita mezani, akafungua daftari lako mbele yako, akakupa mkononi ile kalamu yake nyekundu ambayo walimu wengine hawakutaka hata tuiguse: "Haya, nionyeshe. Kosa limeanzia wapi?"

Hesabu moja naikumbuka ilivyokaa kwenye ukurasa. 302 kutoa 147. Nimeandika 245, kwa hati nzuri kabisa, nikapiga na mstari kwa rula chini ya jibu. Sikuwa nimebahatisha. Saba kutoa mbili, tano. Nne kutoa sifuri, nne. Tatu kutoa moja, mbili. Alizipitia hesabu zangu zote za siku ile, akaona zile zisizo na kukopa nimepata, na zile za kukopa nimekosa, tena zote kwa mtindo uleule: palipokuwa na namba ndogo juu na kubwa chini, niligeuza tu, nikatoa ndogo kwenye kubwa. "Kumbe kutoa unajua," akasema. "Usichojua ni kukopa."

Mpaka siku ile nilikuwa naambiwa sijui hesabu. Mtoto wa miaka tisa ukimwambia hajui hesabu, afanye nini? Hesabu ni nyingi. Ukimwambia hajui kukopa, umempa kitu kinachoweza kuisha kabla ya kengele.

Alikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga limejaa vihesabio. Vijiti vyembamba, amevifunga kumi kumi kwa nyuzi za katani, ambazo kwetu hazikununuliwa maana mkonge ulituzunguka pande zote. Mafungu kumi aliyafunga tena pamoja, likawa bunda la mia. Akanipangia mezani mabunda matatu na vijiti viwili.

"Nipe vijiti saba."

"Ninavyo viwili, mwalimu."

"Kakope."

Nikaenda kwenye nafasi ya makumi, pametupu.

"Huyo naye hana kitu. Pita kwa anayefuata."

Nikafungua bunda moja la mia, yakatoka mafungu kumi. Nikafungua fungu moja, vikatoka vijiti kumi, nikawa na kumi na viwili. Nikamhesabia saba, nikabaki na vitano. Yale mafungu tisa yaliyosalia pale akayataka manne, nikabaki na matano. Mabunda mawili, akachukua moja. 155. Hakuna aliyeniambia jibu, lilikuwa limelala mezani mbele yangu. Kisha akasema, bila hata kunisifu, "Vifunge kama ulivyovikuta, mwenzako anasubiri." Na katika kule kufunga upya, kumi kumi, mia mia, nadhani ndiko nilikoelewa zaidi.

Darasa letu lilikuwa na watoto wa kawaida kwa wakati ule, hamsini na ushee. Hakuweza kumwita kila mtu kila siku. Madaftari alikwenda nayo nyumbani ndani ya mfuko wa sulufeti kichwani. Jioni moja mama alinituma kwake kupeleka maziwa, nikamkuta kakaa na taa ya chemli, upande mmoja madaftari yetu, upande wa pili daftari lake mwenyewe. Wakati ule walimu wa daraja la B na C walikuwa wametakiwa wajiendeleze wafikie daraja la A, na njia yake ilikuwa kuanza na Mtihani wa Maarifa halafu kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yule mama, mwenye wajukuu, alikuwa anajifunza aljebra usiku. Daftari lake lilikuwa na makosa mengi kuliko langu. Hakulifunika nilipoingia. Aliitikia shikamoo yangu, akapokea chupa ya maziwa, akaendelea kufuta.

Mwaka 2002 mambo yalibadilika. Ulianza ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ya shilingi 2,000 kwa mwaka ikiwa imeshafutwa, na watoto waliokuwa wamekaa majumbani kwa kukosa ada wakaja kuandikishwa. Wengine walikuwa na miaka saba, wengine kumi na mbili, wameanza kuota ndevu za ujana, wamekaa dawati moja na vitoto. Ilikuwa furaha kubwa na mimi sina neno baya la kuisema, jirani zetu wawili walisoma kwa sababu ya hiyo. Lakini walimu walikuwa walewale. Mwalimu mkuu akawachukua walio wavumilivu kuliko wote akawashusha kwenye lile gharika la darasa la kwanza, na Limeanzia Wapi akawa mmoja wao. Huko aliingia na watoto zaidi ya mia, kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Sisi wa juu tukabaki na waliobaki.

Aliyetupokea kwenye Hisabati darasa la tano tulimwita Bakora. Sheria yake ilikuwa fupi, kosa moja fimbo moja. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka huohuo wa 2002 zinasema visizidi vinne, avitoe mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kitabu hicho sisi hatukuwahi kukiona. Bakora alivitoa mwenyewe, mlangoni, asubuhi kabla hata hajaandika tarehe ubaoni, na aliyekosa hesabu nane alipata nane.

Kuhusu maumivu sina mengi ya kusema, kila aliyesoma shule zetu anayajua. Ninalotaka kulisema ni kilichotokea kwenye madaftari. Ndani ya muda mfupi darasa zima likaanza kupata. Yaani kila siku kumi kwa kumi. Alikuwepo msichana mmoja hodari wa hesabu aliyewahi kufika shuleni kabla ya namba, na daftari lake lilizunguka nyuma ya choo kama sadaka. Tulinakili mpaka makosa yake ya kufuta. Bakora akafurahi, akatangaza mstarini kwamba fimbo inafundisha. Mtihani wa muhula ulipokuja, ambao kila mtu alikaa peke yake, tulianguka kama maembe ya kipupwe, naye akaamini tumezembea, akaongeza fimbo.

Nimelifikiria sana jambo hilo baadaye. Kwa yule mama kosa lilikuwa ndiyo kazi yenyewe, usipolileta hana pa kuanzia. Kwa Bakora kosa lilikuwa kitu cha kuficha, na watoto wana akili sana ya kuficha. Huwezi kumfundisha mtu asiyekuonyesha asichokijua.

Jirani yangu wa dawati hakuweza hata kuficha, maana alikuwa mzito wa kunakili. Akaanza kutoroka siku zenye Hisabati. Kwanza siku hizo tu, baadaye akaona haya kurudi siku nyingine kwa kuwa ataulizwa za jana. Alikuwa anakwenda na begi lake mpaka kwenye mashamba ya mkonge, anashinda huko, kengele ikilia anarudi nasi nyumbani kama aliyesoma. Mama yake aligundua mwalimu mkuu alipoandika barua. Alirudishwa, akachapwa mbele ya paredi kwa utoro, na wiki ile ile akaacha moja kwa moja. Alipokua akawa mkata mkonge. Ni kazi halali na ngumu, na anayeifanya anajua kuhesabu mizigo yake bila kudhulumiwa, kwa hiyo akili ya hesabu haikuwa haba. Nikimwona nakumbuka kwamba naye alipita mikononi mwa Limeanzia Wapi darasa la tatu, naye alifunga na kufungua vile vijiti, na alikuwa anapata.

Sasa nifike kwa Anko, ambaye hapa ndipo huwa nagombana na wenzangu.

Anko alikuwa kijana, ametoka chuo karibuni, daraja la A, mchezaji mzuri wa mpira, mcheshi. Alituchukua darasa la sita na la saba. Hakumchapa mtu ovyo. Alijua majina ya utani ya kila mmoja wetu, alijua nani ni Simba nani ni Yanga, na Jumatatu baada ya mechi alianza kipindi kwa kuwakejeli walioshindwa mpaka darasa linapasuka kwa kicheko. Baada ya Bakora, tulimwona malaika. Mpaka leo kwenye kundi letu la WhatsApp la waliomaliza 2005, jina lake likitajwa watu wanamwaga maua.

Anko alikuwa na tuisheni. Jioni, darasani mwetu mlemle, kwenye madawati yaleyale, shilingi mia kwa siku. Hilo lenyewe si dhambi, mshahara wa mwalimu wakati ule kila mtu aliujua, tena ulichelewa. Tatizo lilikuwa kipindi cha asubuhi. Alianza mada vizuri sana, kwa mfano asilimia. Alieleza maana yake, akatoa mfano mmoja mwepesi, akatufanya tuone ni kitu rahisi. Halafu akifika pale penyewe, pale ambapo bei imepunguzwa kwa asilimia kumi na unaulizwa bei ya mwanzo ilikuwa ngapi, anatazama saa, anatabasamu: "Hili tutalimalizia jioni." Watoto wa wenye duka na wa watumishi wakarudi jioni wakalimalizia. Wengine walikuwa wanachunga, wanachota maji, wanauza karanga stendi. Kesho yake asubuhi Anko alianza mada nyingine.

Madaftari alikusanya, sikatai. Alipiga vema kubwa inayopita ukurasa mzima kutoka kona hadi kona, na chini akaandika "Vizuri" au "Safi sana". Hakuna aliyepata kosa kwa Anko. Wazazi wetu, ambao wengi hawakuwa wa kusoma hesabu za la saba, waliona wekundu wa vema na neno Safi sana, wakalala usingizi. Mama yangu aliyekuwa anauza maandazi alilifungua daftari langu kila Ijumaa kwa mikono yenye unga, akahesabu zile vema, akasema, "Mwanangu, mwaka huu Mungu katupa mwalimu."

Na ukweli ni kwamba mimi Anko alinifaa. Mama hakuwa na shilingi mia ya kila siku, ila Anko alinifuata mwenyewe akaniambia niingie bure. Alikuwa amechagua vichwa kadhaa vya kuiinulia shule jina, akavikalisha madawati ya mbele, na jioni alifundisha hasa. Alikuwa anajua kufundisha yule bwana, hilo ndilo linaloniuma. Majina yalipotoka mwishoni mwa 2005 wa madawati ya mbele karibu wote tulichaguliwa. Wa nyuma, waliokuwa na madaftari yenye vema kama zetu, hawakuelewa kimetokea nini. Kuna mama mmoja alikwenda ofisi ya kata na madaftari ya mwanawe ndani ya kanga, akitaka kuonyesha kwamba jina limesahaulika, mtoto alikuwa anapata zote.

Nikilisema hili kwenye kundi naambiwa sina shukrani. Kwamba bila Anko nisingefika sekondari. Pengine. Lakini waliomo kwenye lile kundi, wenye simu janja na bando, wengi wao ni wa madawati ya mbele.

Sekondari niliingia Januari 2006, mwaka ambao shule za kata zilikuwa zinaota kila mahali. Yetu ilikuwa na madarasa mawili yenye bati, la tatu halijaezekwa, maabara hakuna. Walimu walikuwa mkuu wa shule, mwalimu mmoja wa Kiswahili, na vijana waliomaliza kidato cha sita waliopewa mafunzo ya muda mfupi na leseni ya kufundisha. Mtaani waliitwa voda fasta, jina lililotoka kwenye huduma ya kuongeza salio la simu ya wakati ule: chapchap, imeingia. Kama yule mama wa UPE, nao walichekwa kabla hawajafungua mdomo.

Baadhi yao walistahili kuchekwa. Kulikuwa na mmoja wa Jiografia ambaye alimpa kiranja daftari lake la kidato cha sita, kiranja akanakili ubaoni, sisi tukanakili kutoka ubaoni, na yeye akabaki barazani na simu. Tulijaza madaftari kwa Kiingereza tusichokielewa. Mtu ametoka shule ya msingi anakojifunza kila kitu kwa Kiswahili, wiki chache za kozi ya kuzoea lugha, halafu anakutana na kurasa kumi za miamba. Tulikariri maneno kwa umbo lake. Hata leo naweza kukuandikia aina za miamba bila kukosea herufi, na ukinipeleka mlimani siwezi kukuonyesha hata mmoja.

Lakini voda fasta wa Baiolojia alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na umri wa kaka yetu, shati moja jeupe analofua kila jioni. Alisoma aya kwa Kiingereza, kisha akaenda mlangoni akachungulia kama mkuu wa shule hayupo, maana Kiswahili darasani kilikuwa marufuku, akarudi akatueleza kwa Kiswahili, chapchap, kama mtu anayeuza kitu cha magendo. Alipofika kwenye osmosisi alikuja na kiazi mviringo na chumvi kwenye karatasi. Akakimenya chini, akakichimba shimo juu, akatia chumvi ndani, akakiweka kwenye sahani yenye maji. Chumvi ilikuwa kavu, tuliigusa. Vipindi viwili baadaye mle shimoni palikuwa na maji, na hakuna mtu aliyeyamimina. Akauliza yametoka wapi. Tulibishana mpaka kengele ikalia.

Kitu kingine alichokuwa nacho, ambacho sijakiona kwa walimu wengi wenye shahada, ni kwamba alijua kusema "hili silijui, nitawaletea". Na alileta. Mara moja alitembea mpaka mjini kwenye shule kongwe kuuliza kwa mwalimu aliyemfundisha. Alituambia hivyo hivyo, bila aibu: nilikuwa nimewaeleza vibaya juzi, futeni mstari wa tatu. Madaftari yetu ya Baiolojia yalijaa mistari iliyokatwa. Alikaa nasi mwaka mmoja, akapata nafasi chuo kikuu, akaenda zake. Hakuna aliyemlaumu, ila baada yake Baiolojia ilikaa bila mwalimu hadi tulipofika kidato cha tatu, na tulipofanya mtihani wa taifa mwaka 2009 maswali niliyoyajibu kwa uhakika ni yale ya kidato cha kwanza.

Mdogo wangu alinifuata shule ileile akamaliza 2012. Mwaka ule unakumbukwa na kila familia. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchi nzima walikuwa na sifuri. Ikaundwa tume, alama zikapangwa upya, magazeti yakaandika sana juu ya vijana wa siku hizi wasiopenda kusoma, juu ya simu, juu ya muziki. Mdogo wangu alikuwa hajawahi kuwa na mwalimu wa Hisabati tangu kidato cha pili. Si kwamba alikuwa mbaya. Hakuwepo. Baba alipomuuliza kwa ukali alikuwa anafanya nini shuleni miaka minne, alijibu, "Tulikuwa tunakaa, baba." Ndivyo ilivyokuwa.

Mimi niliingia VETA, nikawa fundi umeme, sasa naishi Dar es Salaam, upande wa Mbagala, na binti yangu yuko la tatu katika shule ya serikali. Mke wangu anataka tumhamishe tumpeleke shule binafsi ya Kiingereza. Hoja zake ni nzuri. Basi linakuja mpaka mlangoni, darasa lina watoto thelathini, na mtoto wa jirani yetu anayesoma huko anaongea Kiingereza kinachotiririka mpaka bibi yake anamwogopa. Nikamwomba jirani madaftari ya huyo mtoto ya mwaka jana. Alishangaa kidogo, akaniletea mfuko mzima. Yana jalada la nailoni, yana lebo, yanapendeza. Nikakaa nayo usiku. Kwenye Hisabati, ukurasa baada ya ukurasa, vema, vema, nyota, vema. Katikati ya moja kuna 7 mara 8, mtoto kaandika 54, na juu yake vema nzuri nyekundu. Ukurasa unaofuata tena 54, tena vema. Nikampelekea mke wangu jikoni. Akasema mwalimu alichoka siku hiyo. Inawezekana, nikasema, ila kuna siku mbili hapa.

Sidai kwamba shule za serikali ni bora, nisije nikasomwa vibaya. Darasa la binti yangu lina watoto zaidi ya mia moja, watatu watatu kwenye dawati la wawili, na siku ya kikao cha wazazi nilienda nikiwa na hasira zangu tayari. Mwalimu wake ni dada mdogo, labda hajafika thelathini. Nikamuuliza, kwa heshima lakini nikitaka kumbana, watoto wote hawa unawasahihishaje? Akanijibu bila kujitetea. Hawasahihishi wote. Anasahihisha safu moja ya madawati kwa siku, kwa makini, na anazungusha, kwa hiyo kila mtoto anafikiwa mara moja kwa wiki au zaidi kidogo. Siku nyingine watoto wanabadilishana madaftari wanasahihishana, naye anapita akiangalia. Mwalimu mkuu hapendi, akasema, kwa sababu mkaguzi akija anataka kuona wekundu kila ukurasa. Akafungua daftari la binti yangu. Kurasa tatu hazina kitu. Ya nne ina duara dogo jekundu, si kwenye jibu, ni kwenye tarakimu ya pili ya mstari wa pili, pale mtoto aliposahau namba aliyoibeba kichwani. Pembeni kaandika kwa penseli, "Hapa. Njoo tuongee."

Nilimuuliza kama ualimu amesomea Korogwe. Akasema hapana, Mpwapwa.

Kwa mwaka huu binti hahami, tumekubaliana hivyo na mke wangu, yeye kwa shingo upande. Wazazi wa darasa lile tumechanga tununue madawati, na wawili kati yetu tunakwenda Jumamosi kuyagonga misumari. Mwakani tutalizungumza upya, maana nimesikia yule mwalimu ameomba uhamisho kumfuata mumewe Dodoma, na barua yake iko halmashauri tangu Machi.